Nyota Tatu za Mwisho

Hivi wewe umewahi kufanya kazi ndani ya chumba ambacho mlango wake hauna mkono wa kitasa upande wa ndani? Si kwamba umefungiwa, hapana. Ni kwamba mkono ulichomoka siku moja, seremala akaambiwa, akasema kesho, na hiyo kesho yake ikatimiza miaka sita. Ukiingia, mlango ukajifunga nyuma yako, unabaki unatazamana na tundu la mraba linalotosha ncha ya kidole, basi.

Mama Nyota alikuwa na kijiko. Kijiko cha chai cha kawaida, ambacho mpini wake aliusugua kwenye ngazi ya saruji nyuma ya jengo, siku tatu mfululizo wakati wa mapumziko, mpaka ukaingia barabara kwenye lile tundu. Alikivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Wageni walidhani ni dawa. Wenzake walimtania kwamba huyu mama uji hautamkuta hajajiandaa. Yeye alicheka nao, maana kicheko hakiombewi ruhusa, lakini kila alipokizungusha kile kijiko ili atoke kwenda msalani, moyo ulimwambia: mtu mzima wa miaka hamsini na saba, unatoka chumbani kwa kijiko.

Chumba chenyewe kilikuwa ndani ya kituo kidogo cha redio. Hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na meza, kompyuta, kiti chenye mto alioushona mwenyewe kwa mabaki ya pazia, na feni iliyokuwa ikilichukua joto la kona hii na kulipeleka kona ile. Ukuta wa kushoto ulipakana na studio, na juu yake zilibandikwa trei za mayai za karatasi ili sauti isipenye. Katika vishimo vya trei hizo alikuwa amechomeka kalamu, sindano yenye uzi mweusi, sindano yenye uzi mweupe, na picha ndogo ya yeye na dada yake wakiwa wasichana, wamevaa magauni ya kitambaa kimoja.

Kazi yake ilikuwa kuunganisha matangazo ya watu. Kuanzia saa mbili na nusu asubuhi yalikuwa yakiingia kwenye kompyuta yake, kila tangazo faili lake: vifo, shukrani, mikutano ya wazazi, mbuzi aliyepotea, vyeti vilivyosahauliwa ndani ya basi. Aliyasahihisha lugha, kisha akayaunganisha yote yawe karatasi moja ndefu, ambayo saa saba kamili mchana ilitokea mbele ya macho ya mtangazaji. Kati ya tangazo na tangazo aliweka nyota tatu, peke yake kwenye mstari wake. Ndiyo maana akaitwa Mama Nyota. Mtoto hakujaliwa, wa jina hilo wala jingine.

Mtangazaji wa saa saba aliitwa Kifua, kwa sababu ya sauti yake. Ujanani Kifua aliwahi kuongeza mzaha wake mdogo katika tangazo la msiba, na wafiwa wakaja kituoni na fimbo. Tangu siku hiyo haongezi neno, hapunguzi neno. "Mdomo wangu ni bomba," alikuwa akisema. "Mkimimina maji, yatatoka maji. Mkimimina tope, msinilaumu mimi." Akizifikia nyota tatu alivuta pumzi ndefu, ya mtu anayetua mzigo ili aupandishe mwingine, halafu akasema: "Na tangazo linalofuata." Hakuwahi kuiruka hata mara moja. Hata ndotoni, mkewe alisema, anafanya hivyo hivyo.

Sasa, mambo yalimbana Mama Nyota tangu siku aliyougua homa. Siku moja tu. Karani wa mapokezi, binti mwenye bidii, akaambiwa aunganishe yeye. Akaunganisha. Nyota hakuweka, maana hakuna aliyemwambia kazi yake ni nini. Aliziona ni mapambo. Basi mchana huo familia moja ilimaliza shukrani zake kwa kusema inawashukuru nyote mlioshirikiana nasi, na tangazo lililofuata lilianza na wizi. Kifua, bomba la maji, akasoma kwa sauti yake ya huzuni: "Familia ya marehemu inawashukuru kwa dhati madaktari, majirani na nyote mlioshirikiana nasi katika wizi wa pikipiki nyekundu uliotokea sokoni Jumamosi."

Wafiwa walikuja tena. Safari hii bila fimbo, lakini walikuja na polisi.

Mkuu wa kituo, mwanamume mwenye maneno laini kama siagi iliyoachwa juani, alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Mama Nyota na machungwa manne. "Mama yetu," akasema, "usiugue tena."

Mama Nyota alidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Mwaka uliofuata alipotimiza umri wa mtu kuruhusiwa kustaafu mapema, aliandika barua. Barua ilihitaji sahihi ya Mkuu, na bila sahihi, kuondoka ni utoro, na mtoro anaacha nyuma mafao yake ya miaka yote. Mkuu aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma huku akitikisa kichwa, akaiweka kwenye droo ya pili kushoto, chini ya stepla.

"Mama yetu, ukiondoka wewe si tutaiba pikipiki na marehemu? Mwisho wa mwezi tutazungumza."

Miezi ina mwisho mwingi. Ilipita thelathini na mmoja.

Na alikotaka kwenda hakukuwa mbali. Ilikuwa mwendo wa basi wa saa tano, nyumbani kwa wazazi wao, alikobaki dada yake mkubwa peke yake. Macho ya Dada yalikuwa yameingia ukungu, mwanzo jicho moja, kisha la pili, mpaka sasa alibakiwa na mwanga tu. Alijua dirisha liko wapi, hakujua nani amesimama mbele yake. Redio ndiyo ilikuwa macho yake. Kila siku saa saba na nusu, matangazo yakiisha, simu ya Mama Nyota ililia.

"Kitinda," Dada alisema, maana kwao yeye alikuwa kitinda mimba, "leo ulikuwa na kumi na mawili."

"Umejuaje, Dada?"

"Nahesabu pumzi za yule bwana. Akipumua, najua hapo umepita wewe."

Basi. Hilo ndilo walilokuwa wakizungumza. Dada hakuwahi kusema njoo. Kitinda hakuwahi kusema nataka kuja. Alisema "mwisho wa mwezi", na Dada akajibu "Mungu akipenda", wakaulizana habari za kuku.

Halafu Jumatatu moja akapiga simu mtoto wa marehemu kaka yao. Kijana mwema, mwenye familia, anayekaa ghorofa ya nne katika jengo lisilo na lifti.

"Shangazi, jana Shangazi Mkubwa amejimwagia maji ya moto mkononi. Na kabla ya hapo kitambaa cha jikoni kilishika moto, jirani ndiye aliyeuona moshi. Hapana, amepona, usilie. Lakini mimi silali. Kama kufikia Jumamosi kuna mtu wa kukaa naye mle ndani, sina neno. Kama hakuna, naja kumchukua na nyumba tunaifunga."

"Kwako atashukaje zile ngazi?"

"Hatashuka, Shangazi."

Mama Nyota aliweka simu chini. Akilini alimwona dada yake, ambaye kila asubuhi hutoka uani kwa kuupapasa ukuta, akaketi juani na kuku wake, sasa amekaa kwenye kiti ghorofa ya nne, anausikiliza mji ukipita chini. Akakitazama chumba chake mwenyewe, trei za mayai ukutani, tundu la mraba mlangoni. Wawili sasa, alijiambia. Tutakuwa wawili.

Akazungusha kijiko, akatoka kumtafuta Fundi.

Fundi wa mitambo alikuwa mtu wa makamo, bisibisi nyuma ya sikio, na ulimi usiojua kupumzika. Alimkuta anakunywa chai kwenye ngazi ya saruji.

"Fundi, hivi ile kompyuta haiwezi kuunganisha yale matangazo yenyewe?"

Fundi alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama maji yanalowesha. "Mama Nyota! Miaka yote hii unakopi, unabandika, unakopi, unabandika, ulikuwa unamngoja nani?"

"Nilikuwa nangoja wewe ushuke kwenye mnara."

"Haya, nimeshuka. Shida ni nini hasa?"

Akamweleza yote, Jumamosi na ngazi na droo ya pili kushoto. "Anasema hawezi kuniachia kwa sababu ya nyota," alimaliza. "Basi nikimpa kitu cha kuweka nyota, atasema nini?"

Fundi alimwaga machicha ya chai. "Twende."

Akavuta ndoo, akaigeuza, akaketi kando yake mbele ya kompyuta. Mlango ukajifunga. "Kijiko unacho lakini?" akauliza kwanza, kisha akaanza. "Tutaandika skripti. Skripti ni kama ujumbe unaomwachia mtu nyumbani: funga madirisha, lisha paka, usisahau jiko. Tofauti ni moja. Mtu anatumia akili. Kompyuta itafanya kile ulichoandika, hata kama paka amekufa."

"Basi ni Kifua huyo."

"Ni Kifua kabisa. Sasa wewe, ukifanya kwa mkono, unafanyaje? Usiruke kitu."

Mama Nyota alichukua daftari lake, akaandika kwa mwandiko wa shule, herufi zimesimama wima kama zimeambiwa. Ingia kwenye folda ya LEO. Chukua faili moja. Mimina maneno yake kwenye karatasi kubwa. Weka nyota tatu. Rudi uchukue faili jingine. Yakiisha, acha. Fundi akayageuza kuwa lugha ya kompyuta, mistari sita tu, huku akimwonyesha kila mstari unasema nini, na yeye akiurudia kwa kidole. Wakaipa skripti jina UNGA. Ukiandika neno hilo na kugonga, kazi inaanza.

Akagonga. Kabla hajaondoa kidole, kazi ilikuwa imekwisha. Kazi ya saa moja na nusu ya kila siku, kwa miaka ishirini na miwili.

Alishuka na ukurasa polepole, akisoma, kisha akakunja uso. "Fundi. Baada ya tangazo la kwanza limekuja la kumi. Halafu la kumi na moja. La pili liko kule chini. Hii kompyuta imesomea wapi?"

"Inazipanga namba za mafaili kama kamusi, tarakimu kwa tarakimu. Kumi inaanza na moja, kwa hiyo inatangulia mbili. Zipe zile ndogo sifuri mbele: sifuri moja, sifuri mbili."

"Yaani wadogo lazima wavae kofia ndipo waonekane."

"Ndivyo dunia ilivyo, dada'ngu."

Jumanne alivalisha wadogo kofia, akagonga UNGA, na saa sita na dakika hamsini na tano akafanya kama kila siku: alimpelekea Kifua glasi ya maji studioni, akaiweka juu ya kitambaa ili isilie, akatoka kabla taa nyekundu haijawaka. Maana juu ya mlango wa studio palibandikwa karatasi, mwandiko wa Mkuu mwenyewe: ATAKAYEFUNGUA MLANGO HUU TAA IKIWAKA ATAJIELEZA KWA MAANDISHI. Na chini yake, siku moja alipokuwa na furaha, aliongeza: HATA MIMI.

Alirudi chumbani, akasikiliza kupitia redio ndogo ya mezani. Matangazo yalikuwa tisa. Yalitiririka vizuri, kila moja na pumzi yake. La tisa lilikuwa la mzee aliyeokota funguo. Kifua akalimaliza. Akavuta pumzi ndefu. Akasema: "Na tangazo linalofuata."

Kimya.

Mama Nyota aliinua kichwa. Redio haikusema kitu. Trei za mayai hazikusema kitu. Kifua, ambaye haongezi wala hapunguzi, alikuwa amekaa mbele ya nyota tatu zisizo na neno chini yake, akingoja maji yamiminwe. Sekunde mbili, tano, nane. Sekunde kumi na moja za kimya kwenye redio ni ndefu kuliko foleni ya hospitali. Viatu vya Mkuu vikasikika vinakuja korido. Hatimaye Fundi, aliyekuwa kwenye mitambo nyuma ya kioo, akarusha muziki.

"Mama yetu," Mkuu alisema mlangoni, sauti bado siagi lakini imeanza kuganda, "kituo kimekufa sekunde kumi na moja. Watu wamedhani umeme umekatika. Mmoja amepiga simu kuuliza kama tumepinduliwa."

Alipoondoka, Kifua naye akaja, glasi mkononi. "Umeniacha mlangoni kwa watu, hodi nimeshapiga, ndani hamna mtu."

Saa saba na nusu simu ililia. Mama Nyota aliipokea akiwa ameshika kichwa.

"Kitinda. Leo mambo yamenichanganya. Matangazo tisa, pumzi tisa."

"Ndiyo, Dada."

"Siku zote pumzi zinapungua moja. Leo ikawepo na ile ya mwisho. Nikaongeza sauti, nikasogea. Nikasema kuna mtu anataka kusema, anatafuta maneno." Kuku alisikika kwa mbali. "Nikadhani…"

"Ulidhani nini, Dada?"

"Aa, hakuna. Chai inachemka."

Baada ya hapo alikaa muda mrefu na penseli. Alichora benchi. Akachora watu sita wameketi juu yake. Akahesabu nafasi kati yao: tano. Skripti yake ilikuwa imemwekea hata mtu wa mwisho nafasi ubavuni, kana kwamba kuna mwingine anakuja kuketi. Alipoliona hilo akalicheka, kisha akauacha mchoro pale pale mezani, hakuufuta.

Jumatano asubuhi alimwambia Fundi, "Usiniambie, acha nijaribu." Akaandika daftarini: Kabla ya kila faili, jiulize, hili ni la kwanza? Kama si la kwanza, weka nyota ndipo ulimimine. Hivyo nyota hazimfuati mtu, zinamtangulia, na wa mwisho akishaketi hakuna kitu nyuma yake. Fundi alisoma, akaitoa bisibisi sikioni, akamwinamia kama mtu anayesalimia mkwe. Walijaribu na mafaili manane, wakajaribu na moja tu, wakajaribu na ishirini. Nyota zilikaa pale pale zinapotakiwa.

Mchana wa Jumatano matangazo yalipita kama mafuta. Saa nane Mama Nyota alivaa viatu vizuri, akabeba daftari na moyo wake, akaingia ofisini kwa Mkuu. Alimwonyesha kwenye kompyuta ya Mkuu mwenyewe. Neno moja, kugonga mara moja, tayari. "Karani anaweza," alisema. "Mlinzi anaweza. Wewe mwenyewe unaweza, Mkuu. Pikipiki haitaibiwa tena." Macho yake yakaenda kwenye droo ya pili kushoto.

Mkuu alipiga makofi. Kweli, alipiga makofi, na machozi kidogo yalimlenga. "Mama yetu! Unaona sasa? Unaona kwa nini nakung'ang'ania? Dakika moja tu!" Akainuka, akazunguka meza. "Basi kuanzia Jumatatu utatuunganishia na ya vile vituo vyetu viwili vidogo. Nimekuwa nikijiuliza nimpe nani."

"Lakini Mkuu, barua yangu…"

"Na hii skripti, ikiharibika, nani anayeijua? Wewe. Sasa ndiyo kabisa, mama yetu, hatuwezi kukuacha. Mwisho wa mwezi tutazungumza."

Alirudi korido. Alikuwa amechimba njia ya kutokea, kumbe alikuwa anaongeza chumba. Akaingia mle ndani, mlango ukajifunga, akasimama mbele ya lile tundu la mraba. Kwa mara ya kwanza tangu mkono wa kitasa uchomoke, hakukumbuka kwamba ana kijiko. Alisimama tu, paji la uso kwenye ubao, mpaka Karani alipopita na kusukuma mlango kwa bahati, ukamgonga.

"Mama! Ulikuwa unafanya nini hapo?"

"Nilikuwa nangoja," alisema, na alipojisikia akilisema hilo, akashtuka. Miaka ishirini na miwili alikuwa akipitisha maneno ya watu. Aliyefiwa alisema amefiwa, aliyepoteza mbuzi alisema nampenda mbuzi wangu nirudishieni. Hata mwizi alipata mstari wake. Yeye alikuwa pumzi tu kati yao. Na kwa Mkuu hakuwahi kusema nataka. Aliandika *naomba*, *kama itawezekana*, *kwa hisani yako*. Barua yenye hisani nyingi hivyo, droo inaipenda.

Alhamisi alimketisha Karani kwenye mto wa mabaki ya pazia, akamfundisha. Kofia za wadogo, neno UNGA, benchi na watu sita. Alimwandikia yote kwenye karatasi moja kwa mwandiko uliosimama wima, akaibandika juu ya trei za mayai. Karani alifanya mara tatu bila kukosea, na mara ya nne akamuuliza, "Sasa hizi nyota kumbe si mapambo?"

"Si mapambo, mwanangu. Ni mahali mtu mmoja anamaliza na mwingine anaruhusiwa kuanza."

Jioni alimkuta Fundi kwenye ngazi ya saruji. Alikuwa ametayarisha maelezo marefu, lakini Fundi aliinua mkono.

"Unajua kile kipaza sauti cha mgeni, kile cha pili pale mezani kwa Kifua?" alisema, akitazama mnara. "Kina ugonjwa. Kuna siku hakizimiki kabisa. Nimeshaandika ripoti mara mbili, hakuna anayesoma ripoti."

"Kesho kitaumwa?"

"Ijumaa huwa kinazidiwa sana."

Ijumaa matangazo yalikuwa kumi na moja. Mama Nyota aliyasahihisha yote, taratibu, akarudisha nukta pale ilipodondoka, akampa marehemu mmoja cheo chake kilichosahauliwa. Kisha akaifungua ile skripti, akashuka mpaka chini kabisa, baada ya mstari unaosema yakiisha acha, na pale akaongeza mstari mmoja wa mkono wake: weka nyota tatu. Lililokuwa kosa Jumanne, Ijumaa alilirudisha kwa makusudi. Akagonga.

Akakivua kijiko, akafungua mlango kwacho mara ya mwisho, akauweka wazi kwa kukisukuma chini yake kama kabari.

Saa sita na dakika hamsini na tano alimpelekea Kifua maji. Aliiweka glasi juu ya kitambaa. Lakini badala ya kutoka, alivuta kiti cha mgeni, akaketi. Kifua alimtazama juu ya miwani. Taa nyekundu ikawaka. Sasa hata kama angetaka kutoka, hakuweza. Mlango ule taa ikiwaka haufunguliwi. Alikuwa amejifungia mwenyewe, na ajabu ni kwamba kwa mara ya kwanza chumba hakikumbana.

Kifua akaanza. Msiba. Mkutano wa wazazi. Ng'ombe mwenye pembe moja. Mama Nyota aliyasikia akiwa karibu kiasi cha kuuona mshipa wa shingo ya Kifua ukipanda kila penye nyota. Alizihesabu pumzi, kama zilivyokuwa zikihesabiwa sasa hivi kwenye nyumba moja yenye kuku, mwendo wa saa tano kutoka hapo. Saba. Nane. Mikono yake ilikuwa baridi, akaikalia. Tisa. Kumi. La kumi na moja lilikuwa la mwalimu aliyesahau mwavuli.

Kifua alilimaliza. Akaziona nyota. Akavuta pumzi yake ndefu.

"Na tangazo linalofuata," akasema.

Hapakuwa na kitu chini ya nyota. Kifua akageuza uso, akamtazama aliyeketi kwenye kiti cha mgeni, na pale ndipo alipoelewa. Hakuongeza neno, hakupunguza neno. Alikisogeza kile kipaza sauti kigonjwa kwa kidole kimoja, mpaka kikafika mbele ya mdomo wa Mama Nyota.

Nyuma ya kioo Fundi alikuwa anakagua kucha zake. Viatu vikasikika korido, vikakimbia, vikafika. Uso wa Mkuu ukatokea kwenye kidirisha cha mlango, mkono juu ya kitasa, mdomo wazi. Juu ya kichwa chake taa nyekundu ilikuwa inawaka. Aliisoma ile karatasi yake mwenyewe, mstari wa kwanza na ule wa chini. Mkono ukabaki juu ya kitasa, haukuzunguka.

Sekunde nne zilikuwa zimekwisha. Mama Nyota akafungua kinywa.

"Mfanyakazi wa kituo hiki anapenda kuwatangazia ndugu, jamaa na marafiki…" alianza, akaacha. Hayo yalikuwa maneno ya matangazo. Alikuwa ameyaandika mara elfu kwa niaba ya watu wengine. Akakohoa. Akakunywa maji ya Kifua.

"Mkuu," akasema, akimtazama kupitia kidirisha, "barua yangu iko kwenye droo ya pili kushoto, chini ya stepla. Siombi tena. Nataka uitie sahihi leo kabla hatujafunga. Kazi yangu Karani anaijua, na maelezo yapo ukutani."

Kisha akafunga macho, ili asione kioo, wala taa, wala uso wa mtu, ila mwanga tu.

"Dada," akasema. "Ile pumzi ya Jumanne ni mimi. Mwambie mtoto wa kaka asije kukufungasha. Kesho napanda basi la asubuhi. Nimechoka kukaa huku, Dada. Nataka kuja nyumbani, nikae na wewe."